Shali za Papa Masika

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na spoku mbili za baiskeli mkononi. Alikuwa amezinoa ncha kwenye jiwe ziwe sindano za kufumia, vilevile kama tulivyofanya sisi, na ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na bonge la nyuzi za sufu alizozifumua kutoka sweta ya mtumba. Mwalimu wa kazi za mikono amewaambia kila mmoja afume shali ya kumpa mtu anayempenda. Mvua ilikuwa imemnyeshea njiani, kwa hiyo akazitandaza nyuzi kwenye kiti karibu na mbabula, jiko letu la makaa, zikaanza kutoa mvuke juu ya makaa. Harufu hiyo, jamani. Sufu mbichi, moshi, na kitu kama kondoo aliyelala ndani ya nyumba. Niliinuka nikatoka nje, nikasimama mvuani, mwanamke mzima mwenye akili zangu, mpaka mume wangu akaja kuniuliza nimepatwa na nini.

Sikumjibu. Nitawajibu ninyi mliokua Butembo enzi zangu, maana ninyi sihitaji kuwaeleza baridi yetu. Mgeni akisikia Kongo hufikiria jua na jasho. Sisi tulikwenda shuleni asubuhi ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, midomo imepasuka, mikono tumeificha kwapani. Mtoto asiye na sweta mlimtambua kwa kukimbia. Mimi nilikuwa sijatoka nje ya mji huo isipokuwa kwenda Vuhovi kwa bibi mzaa mama, kuvuna maharagwe, na Vuhovi nako ni baridi tupu. Basi nilijua kwamba dunia nzima ni baridi, na hakuna mkubwa aliyejisumbua kuniambia vinginevyo.

Baba yangu alikuwa Manguredjipa, akichimba dhahabu. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyosema shuleni nilipoulizwa, kwa majivuno. Kila jioni kabla ya kulala nilimwombea papa mu shimo ya Manguredjipa, na mama alisema amina pamoja nami. Alikuja Krismasi, akaja na Pasaka kama barabara ilikubali. Alileta mapapai makubwa na ndizi tamu, akaninyanyua hadi karibu na dari, akaniita "mama" kwa kuwa alisema nina uso wa mama yake. Kucha zake zilikuwa safi, viganja vyake laini. Nilidhani dhahabu ni kitu kisichochafua.

Kisha akafa jirani yetu mmoja, baba wa rafiki yangu. Yeye alirudi kutoka Manguredjipa akiwa amekonda, akakohoa majira yote ya mvua, na siku moja asubuhi tukasikia kilio. Wanawake waliokuja msibani walikaa chini kwenye majani ya migomba wakasema baridi ya shimo ilimwingia kifuani. Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Hakuna maneno yaliyowahi kunitisha kama hayo. Niliporudi nyumbani nilimuuliza mama papa anajifunika nini huko chini ya ardhi, na mama, ambaye alikuwa anafuma kama kawaida yake, aliacha mikono juu ya magoti. 

"Umushonee shali," akasema. "Mimi nitakufundisha."

Mama yangu aliishi kwa sindano. Kwetu mtu haendi kumwona mzazi aliyetoka kujifungua mikono mitupu, na katika baridi ile zawadi ya maana ni kofia ya mtoto, viatu vya sufu na kisweta chenye kamba shingoni. Mama ndiye aliyezifuma, akaziuza sokoni Vulamba kwenye meza yake, na wake za wachungaji na wake za wafanyabiashara wote walimjua. Mikono yake ilifanya kazi hata akiwa anagombana na mtu. Lakini kumfundisha mtoto alikuwa hana subira. Nikikosea mstari alivuta uzi, mstari wote ukafumuka mbele ya macho yangu, na alinirudishia spoku nianze upya.

Sufu yenyewe hatukununua. Tulichukua sweta ya mwanamume ya mtumba, ya rangi ya udongo, tukatafuta pale uzi ulipofungwa, tukavuta. Kufumua sweta ni raha, mnakumbuka. Uzi hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa zikaachiliwa, na ni lazima uuzungushe kwenye miguu ya kiti, uulowanishe, uuweke kwenye joto unyooke. Nyumba nzima ilinuka siku hizo. Nilifuma kila nilipotoka shule, nikiwa nimekaa juu ya kigunia mlangoni, ulimi nje. Nilifuma kwa haraka ya mtu anayezima moto. Wenzangu walicheza kamba, mimi nilikuwa namwokoa baba.

Karibu na mwisho kitanzi kimoja kiliniponyoka bila mimi kujua, na nilipokuja kugundua kilikuwa kimeshuka chini, kimeacha ngazi. Nililia, maana nilijua mama atafumua. Safari hii hakufumua. Aliinuka akaenda kwenye sanduku lake, akatoa kofia yangu ya kuzaliwa, ile ya manjano aliyonifumia mwenyewe nikiwa tumboni, akaikata. Kwa uzi wake akaliziba lile tundu, na badala ya kulificha akalishona nene, likatokea kama punje ya mahindi juu ya udongo. Nilimwambia litaonekana. Alisema ndiyo, ndivyo anavyotaka, lionekane. Nikaelewa kwamba ni alama ya kumwonyesha papa kuwa shali ni yangu. Niliona mama ana akili kuliko wanawake wote wa Butembo.

Krismasi baba alipofika nilimvalisha mwenyewe. Aliinama, nikamzungushia shingoni, akajikohoza kwa vichekesho kama mzee, akasema sasa hakuna baridi itakayomweza. Alikaa nayo kanisani ibada yote. Mwaka uliofuata alikuja bila shali, nikamuuliza kabla hajaketi. Alisema ameiacha kule, juu ya kitanda chake, maana ndiyo anayojifunika. Nakumbuka maneno yake yenyewe kwa kuwa niliyarudia shuleni mpaka mwalimu akachoka.

"Bila ile shali, mama, ningesha kufa mu shimo."

Mama alikuwa anakoroga bugali. Hakugeuka. Baada ya Krismasi hiyo nilifuma shali ya pili, ya kijivu, ndefu zaidi, ili moja ikilowa awe na nyingine. Mama aliipeleka mwenyewe kwa wenye pikipiki waendao huko. Nilianza ya tatu bila hata kuambiwa.

Sasa ni lazima nimlete songali. Kwetu songali ni dada wa baba, na songali wangu alikuwa mdogo wake, mwanamke wa maneno mengi na biashara nyingi, aliyepeleka viazi, karoti na mafungu ya vitunguu kutoka milimani kwetu hadi Beni. Likizo kubwa ya mwaka huo bibi wa Vuhovi aliugua, mama akaenda kumuuguza, akaniacha kwa songali. Songali hakuweza kuacha vitunguu vyake vioze kwa sababu yangu. Alikuwa na mtoto mchanga, akahitaji mtu wa kumshika. Asubuhi moja akanipandisha kwenye gari pamoja na magunia, mtoto mgongoni mwangu, na mimi nimevaa sweta mbili kwa kuwa naenda safari ya mbali.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyolowa jasho. Nilifikiri nina homa. Songali alinicheka, akasema vua hizo, mtoto, Beni ni joto, na mimi nikaelewa kwamba siku hiyo Beni kumetokea joto, kama vile siku nyingine hutokea mvua ya mawe. Watu wa huko walitembea na shati moja tu. Niliwahurumia, nikidhani ni maskini.

Tulimaliza sokoni jua likiwa juu kabisa. Songali akasema tutapita kumsalimia mtu, tupumzike. Tulikwenda kwenye mtaa wenye michikichi ya mawese na miti ya kakao nyuma ya nyumba, mpaka kwenye boma la miti lenye mlango wa bati. Hapo songali alisimama, akanigeuza kwa bega.

"Hapa uko mutoto wangu," akasema. "Bakikuuliza, sema uko wa kwangu. Ya Butembo usizungumuze. Umesikia?"

Nilisikia, na nilifurahi. Songali alikuwa na mtoto mmoja tu, yule mchanga, na nilidhani anaona aibu mbele ya rafiki zake, anataka kuonekana na msichana mkubwa anayejua kushika mtoto. Niliona ni heshima kuazimwa. Nilinyoosha shingo, nikaingia kama binti wa songali.

Ndani tulimkuta msichana wa karibu umri wangu akichambua mboga, akatupa viti na maji. Alisema mama yake yuko njiani kutoka shambani. Kweli hatukukaa sana, mama yake akaingia. Alikuja ameinama, mzigo wa mihogo mgongoni, kamba ya kubebea imepita kwenye paji la uso kama wanawake wetu wote wanavyobeba. Lakini chini ya kamba, ili isimkate ngozi, alikuwa ameweka kitu kilichokunjwa mara kadhaa. Aliutua mzigo, akakivua, akajifuta jasho nacho, akakitundika kwenye msumari karibu na kichwa changu. Kilikuwa cha rangi ya udongo. Kwenye ukingo kulikuwa na punje ya mahindi.

Nawaambia ukweli, sikuelewa chochote. Mtoto haelewi kwa macho. Nilifikiri kwanza kwamba baba ameibiwa. Nilimwona baba kule shimoni akitetemeka, mwizi amekimbia na shali yake hadi Beni akaiuza. Nikaogopa, nikasahau nilivyoagizwa, nikauliza.

"Mama, hii shali mulipata wapi?"

Yule mama alicheka. Alikuwa na uso mzuri, mpana, wa mtu asiyekasirika upesi, na mpaka leo hilo linaniudhi. Alisema baba wa watoto ndiye aliyemletea.

"Papa Masika alinunua ku soko ya Butembo," akasema. "Kule kwenu banajua kushona kweli. Mimi shingo yangu hapana baridi, mais kichwa ilikuwa inaniuma na kamba. Tangu nilipata hii, haiumi tena."

Papa Masika. Na hapa ninyi wa kwetu mtacheka, kwa sababu jina hilo halikunishtua hata kidogo. Kwetu msichana wa kwanza wa kila mama huitwa Masika, mimi ni Masika, yule aliyekuwa akichambua mboga bila shaka ni Masika, na ukisimama Butembo ukaita Papa Masika, nusu ya soko itageuka. Nilikuwa namhesabu yule Papa Masika wa Beni kama mtu mwingine kabisa, mwizi au rafiki wa mwizi. Nilikuwa nikitafuta njia ya kumwambia songali kwa siri. Songali alikuwa ametazama chini, anachezea khanga ya mtoto.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Yule msichana akatupa mboga akakimbia, akapokewa kwa mikono miwili, akanyanyuliwa juu. Nilijua mikono ile kabla sijaona uso. Baba yangu alikuwa amevaa singileti na kandambili. Alikuwa amenona. Alimshusha binti yake, akainua macho, akaniona nimekaa chini ya shali yangu na mtoto wa dada yake mapajani.

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka uso wake wakati ule, na kila mara nauona haukufanya kitu. Laiti ungefanya kitu. Songali alisema haraka, kwa sauti ya juu kuliko ilivyotakiwa, kwamba amekuja na binti yake amsalimie mjomba. Baba alikaa kwenye kiti alichoachiwa. Aliegemea mbele, viwiko magotini, akanitazama kama unavyomtazama mtoto wa watu.

"Jina yako nani, mama?" akaniuliza.

Kama angeniita kitu kingine ningevumilia. Alitumia neno letu lilelile, lile la uso wa mama yake, kuniuliza jina alilonipa mwenyewe. Nilimtazama songali. Songali alinitazama kwa macho ya kunisihi. Nilikuwa mtoto mtiifu, nilifundishwa kutii kabla ya kufundishwa kusoma, na nilikuwa nimeagizwa.

"Masika," nikasema. "Jambo, mujomba."

Yule mama akapiga makofi kwa furaha, akasema basi leo wako akina Masika wawili, wake na wa songali, wakae pamoja wale sahani moja. Tulikula wali na sombe, yale majani ya mihogo, yenye mawese. Ulikuwa mtamu, na nilikula kwa sababu mwenzangu alikuwa akinisukumia vipande vya samaki upande wangu. Baba hakula. Alisema ana mtu anamngoja mjini. Alipofika kwenye pikipiki alichomoa kitambaa kilichofungwa kwenye usukani, akafuta vumbi la kiti, akakifunga tena, akaondoka. Kitambaa kilikuwa cha kijivu, kirefu. Niliweza kuona mistari yangu nikiwa nimekaa palepale.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilitoka Butembo hadi Beni, yenye mashimo, na aliiendesha miaka yote bila kuanguka. Hakuhitaji hata kubadili jina. Alikuwa Papa Masika hapa na Papa Masika kule, na pote palikuwa ni kweli. Shimo la Manguredjipa hakuwahi kuliingia hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa nimetiwa shimoni, nikakaa humo nikimfumia.

Kwenye gari la kurudi songali alininunulia biskuti. Sikula. Tulipoanza kupanda na ukungu ukaja dirishani alinivalisha sweta zangu mwenyewe, moja juu ya nyingine, akanifunga vifungo hadi juu, kisha akasema lile alilokuwa akilitafuta safari nzima.

"Mambo ya Beni inabakia Beni. Mama yako akijua, atakufa."

Alisema vile watu wazima wanavyosema, bila kufikiri. Lakini mimi nilikuwa nimeona baba wa rafiki yangu akifa kwa baridi ya shimo, jambo ambalo watu walilisema hivyohivyo. Mama aliporudi kutoka Vuhovi nilimkimbilia nikamshika kiuno, nikakataa kumwachia. Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wake. Jina la Beni likitajwa redioni nilikohoa. Mwanamke akija mezani kwake Vulamba na habari za safari, nilijipenyeza katikati yao. Sala ya jioni niliendelea kuisema, papa mu shimo ya Manguredjipa, kwa sauti ileile, na mama akaitikia amina, nami nikamwona maskini, mama yangu mjinga mpendwa, anaitikia uongo bila kujua.  Shali ya tatu niliificha chini ya godoro, nikamwambia mkono unaniuma.

Mara nyingine nilitaka sana kumwambia. Nilitaka anikumbatie, anisaidie kumchukia baba, maana chuki nzito haibebeki na mtoto mmoja. Nilinyamaza ili aishi.

Ukungu wa mwisho wa mwaka ulipoanza kushuka mama alirudi kutoka dukani na mfuko. Aliketi karibu na mbabula, akaniita, akatoa mabonge ya sufu mpya. Si ya kufumuliwa, ya dukani, bado ina karatasi yake, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nilikuwa nimeitamani sufu ya namna hiyo maisha yangu yote. Alinipa nishike upande mmoja, yeye akaanza kuizungusha.

"Ya tatu tutafanya na hii," akasema. "Nyekundu itaonekana mbali."

Nilishika uzi. Nilimtazama anavyozungusha, kwa furaha kidogo, kama anayepanga jambo. Nilijua siwezi kufuma tena hata mstari mmoja. Nikatafuta neno dogo kuliko yote niliyokuwa nayo, neno ambalo halingemuua.

"Kule baridi haiko, mama."

Mikono yake haikusimama. Aliendelea kuzungusha, bonge likakua, uzi ukapita kati ya vidole vyangu.

"Najua," akasema.

Nilidhani anazungumzia joto la siku moja tu, kama nilivyodhani mimi niliposhuka Beni. Kisha nikaona hakuniuliza kule ni wapi. Aliniuliza tu kama ni songali aliyenipeleka, nikasema ndiyo, akasema alijua siku moja itakuwa hivyo. Akaniambia yote kwa sauti ya kawaida, kama anavyomweleza mteja bei. Alikuwa amejua tangu kabla sijaanza shule. Majirani walijua. Wale waliosema amina kanisani nilipoomba kwa sauti walijua. Hata wale wenye pikipiki, alipowapa ile ya kijivu, hakuwaambia Manguredjipa, aliwaambia Beni, mtaa fulani, nyumba yenye mlango wa bati.

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nifume. Hapo ndipo alipokosa utulivu. Alisema baba alikuwa amemwambia yule mwanamke kwamba hana mke wala mtoto popote. Yeye asingeweza kwenda huko kupigana kama mwanamke wa barabarani. Lakini shali ya mkono wa mtoto, yenye alama, ikiingia nyumbani mwa watu, mwanamke mwenye macho ataiona.

"Nilikuwa nangojea aulize," mama akasema. "Mwanamuke akiona kazi ya mutoto, atauliza: nani alishona hii? Donc nilikuwa nangojea."

Kwa hiyo ile punje ya manjano haikuwa ya baba. Kofia yangu ya kuzaliwa ilikatwa ili isomwe na mtu mwingine. Kila kitanzi nilichofuma kumwokoa baba asife, mama alikuwa akikituma Beni kupigana vita vyake, na mimi nimekaa mlangoni na ulimi nje, natengeneza silaha nikidhani ni zawadi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimeifuma nguo yenyewe.

Nilimwambia alichosema yule mama. Kwamba shali ilinunuliwa sokoni Butembo. Kwamba inamsaidia kichwa, kamba haimuumi tena. Hapo tu mikono ya mama ikasimama. Aliuliza, "Alisema alinunua?" mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa imepasuka. Alilia akiwa ameshika bonge jekundu kifuani, akilia kwa vita alivyopigana miaka yote na mtu ambaye hakujua kuna vita. Nilisubiri. Nilifikiri akimaliza atanigeukia aniulize na wewe, mwanangu, baba yako alikusalimia namna gani. Alijipangusa, akainuka, akaenda kuangalia maharagwe. Mpaka leo hajaniuliza, na mpaka leo hajui kwamba nilimwita mjomba.

Baba hakuja Krismasi ile. Alikuja mara chache baadaye, kisha hakuja tena. Sufu nyekundu mama aliifanya visweta vya watoto, vikauzwa vyote kabla ya mwaka mpya. Spoku zangu nilizirudisha kwa fundi baiskeli, na tangu siku hiyo sijafuma hata kofia, mimi niliyezaliwa katika nyumba ya sindano. Watoto wangu nimewanunulia kila kitu.

Binti yangu anasema shali yake ni ya bibi yake. Sikumkataza. Nimemwambia tu ampelekee yeye mwenyewe, amvalishe shingoni kwa mikono yake, asikubali mtu amchukulie.

Mama amezeeka sasa. Macho yamemwacha, vidole vimejikunja, na baridi humwanzia shingoni. Kila msimu wa mvua ananiambia shingo, shingo, na kila msimu nampelekea shali ya dukani, nzuri, ya bei. Jumapili nilikuwa kwake. Aliichukua ile mpya, akaipapasa kwa vidole vya mtu aliyefuma maisha yake yote, akatafuta ukingo, akatafuta mahali uzi ulipofungwa, akaona ni kazi ya mashine.

"Ya duka haina joto, Masika," akasema.

Nilimzungushia shingoni, nikamfungia vizuri mbele.

"Najua," nikamwambia.